Uliidhamini KQ Bila Kutia Sahihi

Mwenzako kazini akikuomba umdhamini kwenye SACCO, chama chenu cha akiba na mikopo, unajua la kufanya. Unaomba kuona payslipu yake, unauliza ana akiba kiasi gani, wadhamini wengine ni nani na pesa ni za nini. Akijibu "ni za biashara tu" kisha akanyamaza, kalamu inakuwa nzito. Unajua akishindwa kulipa chama kitakomba akiba yake kwanza, kisha salio ligawanywe kwa wadhamini, na pesa ulizoweka kidogo kidogo miaka minane ziende kuziba shimo usilolichimba.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliidhamini Kenya Airways (KQ), shirika la ndege la nchi, kwa dola milioni 750. Kati ya hizo, dola milioni 525 zilikuwa za benki ya Exim ya Marekani, kwa ajili ya ndege, na milioni 225 zilikuwa za benki za humu nchini. Mdhamini wa kweli ni anayelipa kodi, na anayelipa kodi asiyeweza kujificha ni mwenye payslipu.

KQ haikuanguka kwa siku moja. Iliuzwa kwa umma mwaka 1996, ikawa hisa ya kujivunia pale soko la Nairobi. Kisha ukaja mpango wa upanuzi ulioitwa Mawingu: ndege nyingi mpya na safari hadi kila pembe ya dunia. Mwaka 2012 shirika liliomba wanahisa Sh20.7 bilioni za kuuanza, likapata takriban Sh14.5 bilioni. Hapo ndipo mwenye busara angepunguza oda. Hazikupunguzwa vya kutosha. Boeing 787 zilianza kutua mwaka 2014, mwaka uleule Ebola iliposimamisha safari za Liberia na Sierra Leone, na watalii nao walikuwa wameikimbia pwani kwa hofu ya ugaidi. Bei ya mafuta iliposhuka mwishoni mwa mwaka huo, KQ haikufaidi inavyostahili kwa sababu ilikuwa imejifunga kwa mikataba ya bei ya awali. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ulifungwa kwa hasara ya Sh25.7 bilioni, uliofuata Sh26.2 bilioni. Hata nafasi ya kutua asubuhi pale Heathrow, London, iliuzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75.

Kwa hiyo mdhamini aliitwa wakati mgonjwa yuko mahututi. Uokoaji wa 2017 ulikuwa na sehemu mbili, na ya pili husahaulika. Mbali na dhamana, benki 11 za humu nchini ziligeuza mikopo yao kuwa hisa, zikamiliki asilimia 38.1 ya shirika. Serikali iligeuza madai yake pia, ikafika asilimia 48.9. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilishuka hadi 7.8, wafanyakazi wakapewa 2.4, na wanahisa wengine wote, pamoja na mwalimu aliyenunua hisa zake mwaka 1996 akidhani anajiwekea pensheni, wakabaki na asilimia 2.8. Julai 2020 hisa zenyewe zilisimamishwa sokoni, kwa kuwa kulikuwa na mpango wa kulitaifisha shirika. Mpango huo haukufika popote, na hisa zilirudi kuuzwa Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu, mwenye shida ya karo hakuweza kuuza hata moja.

Tatizo la dhamana hii lilikuwa dola. Ilipotolewa, dola moja ilikuwa kama Sh103. Januari 2024 ilikaribia Sh160. Piga hesabu: dola milioni 525 zilikuwa Sh54 bilioni, na kama lingekuwa halijalipwa hata senti, deni lilelile lingekuwa Sh84 bilioni bila mtu kukopa shilingi zaidi. Ndiyo maana mwaka 2023 KQ ilipata faida ya uendeshaji ya Sh10.5 bilioni, ndege zikiruka na viti vikiwa na watu, kisha ikafunga mwaka kwa hasara ya Sh22.7 bilioni. Mwaka uliofuata shilingi ilipanda hadi karibu 129 kwa dola, na shirika likatangaza faida ya Sh5.4 bilioni. Wapo waliosherehekea kana kwamba usimamizi umefanya miujiza. Usimamizi ulisaidia, lakini shilingi ilisaidia pia, na ni vizuri kuvitenganisha hivi viwili kabla ya kupiga makofi.

Kufikia 2022 KQ ilikuwa imeshindwa kulilipa deni la Exim na Hazina Kuu ikaanza kulilipa kwa niaba yake. Malipo ya dhamana hutoka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali, sawa na malipo ya deni la taifa. Hayapangi foleni na dawa za hospitali wala mishahara ya madaktari wanagenzi. Yanatangulia, na vingine vyote vinagawana kinachobaki. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyetia sahihi mwaka 2017, huu ulikuwa mwepesi kabisa.

Tuje kwenye payslipu. Chukua mshahara wa Sh100,000, wote wa msingi bila marupurupu, ili hesabu isituchanganye.

Januari 2023 makato yalikuwa hivi: NSSF (akiba ya uzeeni) Sh200, NHIF (bima ya afya ya wakati huo) Sh1,700, na PAYE (kodi ya mshahara) Sh22,068 baada ya nafuu ya Sh2,400 ya kila mtu na nafuu ya bima ya Sh255. Mkononi: Sh76,032.

Februari 2025 yakawa hivi: NSSF Sh4,320, SHIF, bima iliyochukua nafasi ya NHIF, Sh2,750 (asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu), ushuru wa nyumba Sh1,500. Hizo tatu zinaondolewa kwanza kabla ya kodi kukokotolewa, kufuatia mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni Sh91,430. Asilimia 10 ya Sh24,000 za kwanza ni 2,400. Asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata ni 2,083. Asilimia 30 ya 59,097 zilizobaki ni 17,729. Jumlisha, toa nafuu ya 2,400, unapata PAYE ya Sh19,812. Mkononi: Sh71,618.

Zimepungua Sh4,414 kwa mwezi, na PAYE yenyewe imeshuka kwa Sh2,256. Tuseme ukweli hapa, maana kuna wanaoandika mtandaoni kwamba ushuru wa nyumba unaenda kununua mafuta ya ndege. Hauendi. Una mfuko wake, SHIF ina wake, na NSSF ni akiba yako mwenyewe hata kama hutaiona hadi uzeeni. Uhusiano uko kwingine. Kodi ya kawaida, hiyo PAYE na VAT, ikishaliwa na madeni na dhamana, serikali haiwezi tena kugharamia nyumba na matibabu kutoka mfuko mkuu. Inaunda tozo mpya yenye jina lake, inaibandika mahali pa pekee ambapo ukusanyaji ni rahisi, yaani kwenye mshahara, na mwajiri anageuzwa mkusanyaji. Jua kali hawafikiki kirahisi. Wenye ajira rasmi ni milioni 3 na ushei katika nchi ya zaidi ya milioni 50, na kila jambo jipya linaanzia kwao.

Angalia pia kile ambacho hakikubadilika. Viwango vya Sh24,000 na Sh32,333 vinavyotenganisha asilimia za kodi vilibaki palepale kati ya 2023 na 2025 huku unga, nauli na karo vikipanda. Wa laki moja akiongezwa mshahara ili tu afikie bei za sokoni, nyongeza hiyo inakatwa kodi ya karibu asilimia 30. Hii ni kodi iliyopandishwa bila mswada, na hakuna anayeandamana kwa ajili yake.

Upungufu wa Sh4,414 unaonekana mdogo mpaka uufuatilie hadi kwenye mkopo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo wa laki moja lazima abaki na Sh33,333. Tuseme mwaka 2023 alikuwa na mikopo miwili, wa benki na wa SACCO, inayokatwa jumla ya Sh41,000. Alibaki na Sh35,032, halali kabisa. Mikopo ileile, mshahara uleule, mwaka 2025: anabaki na Sh30,618. Amevunja kanuni ya theluthi kwa Sh2,715 bila kukopa chochote kipya.

Kinachotokea hapo hutegemea ofisi ya mishahara. Makato ya kisheria hayaguswi. Mara nyingi mfumo wa mishahara hufuata foleni, na kato lililo mwisho, ambalo kwa wengi ni la SACCO, linapitishwa nusu au kurushwa kabisa. Mwenyewe hajui, maana wengi huangalia tu kilichoingia benki. Chama kinaona malipo pungufu, kinaanza kuhesabu siku, kinatoza faini, na barua ya kwanza inawafikia wadhamini kabla hajajua kuna shida. Urafiki wa ofisini umevunjika mara nyingi kwa namna hii, na kosa halikuwa la aliyekopa.

Dawa ipo, lakini ina bei. Nenda SACCO mwenyewe mwezi uleule kato linapopungua, ukiwa na payslipu tatu za mwisho, na uombe mkopo urefushwe muda. Ikiwa salio ni Sh600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 36 ni Sh19,929 kwa mwezi. Ukirefusha hadi miezi 48 inakuwa Sh15,800. Umejiokolea Sh4,129 kila mwezi na umerudi ndani ya theluthi, ila utalipa riba ya ziada ya karibu Sh41,000 hadi mwisho. Hakikisha wamekuandikia kuwa ni mkopo uleule uliopangwa upya. Baadhi ya vyama hukupa mkopo mpya wa kulipia wa zamani, hukata ada ya uchakataji na bima upya, na hudai wadhamini wapya. Wa zamani nao wanastahili kujua, kwa kuwa muda wa dhamana yao umeongezwa.

Wengine hukimbilia mikopo ya simu kuziba hiyo Sh2,715. Usifanye hivyo. Ada ya asilimia 7 au 8 kwa siku 30, ukiirudia kila mwezi, ni mara saba hadi nane ya riba hiyo ya SACCO.

Je, makampuni yaachwe yafe? La. KQ ikisimama ghafla, wanaoumia kwanza ni marubani, mafundi, wauzaji maua wa Naivasha na hoteli za Diani. Marekani nayo iliokoa. Oktoba 2008 bunge lake liliidhinisha dola bilioni 700 kwa mabenki na wengine, na kampuni ya magari ya General Motors (GM) ikapata takriban bilioni 49.5. Lakini mkurugenzi wake, Rick Wagoner, aliondolewa Machi 2009 kwa shinikizo la serikali, kampuni ikapitishwa kwenye mahakama ya ufilisi Juni mwaka huo, na serikali ikachukua karibu asilimia 61 ya hisa za GM mpya, ambazo iliziuza polepole hadi 2013. Ilipoteza zaidi ya dola bilioni 10 hata hivyo. Kwenye mabenki ilidai haki ya kununua hisa kwa bei ya siku za shida, na huko ilipata faida. Waliosahaulika ni wenye nyumba: mamilioni walinyang'anywa huku benki zao zikipona. Tusiige kila kitu.

Sisi masharti yetu yamekuwa laini. Uchumi Supermarkets ilifungwa Juni 2006, ikaokolewa kwa pesa za serikali, ikarudi sokoni 2011, ikaanguka tena ndani ya miaka michache huku wasambazaji wakidai malipo. Mumias Sugar ilipokea mabilioni, na bado Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai, wakulima wakiwa hawajalipwa miwa yao. Kila mara pesa zilitangulia na mpango ukafuata.

Ibara ya 211 ya Katiba inasema Bunge la Taifa au Seneti ikitaka kwa azimio, Waziri wa Fedha atoe taarifa ya dhamana fulani ndani ya siku 7. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma nayo inadai bunge liidhinishe dhamana kabla haijatolewa. Kwa hiyo mbunge wako anayo nafasi ya kuuliza yale unayomuuliza mwenzako wa SACCO: deni ni la sarafu gani, mapato yake ni ya sarafu gani, nani analipwa kwanza mambo yakiharibika, bodi itabadilika lini, na serikali ikilipa itapewa nini mkononi.

Maswali haya si ya kale. Nusu ya kwanza ya 2025 KQ ilirudi kwenye hasara, Sh12.2 bilioni, baada ya Boeing 787 zake 3 kati ya 9 kukaa chini kwa kukosa injini na vipuri, na wakati huo shirika lilikuwa bado linatafuta mwekezaji wa kuweka mtaji mpya.