Mashine iliyokuwa ikizimika mteremkoni

Aprili mwaka jana mashine yetu ya kukata nyasi, ile inayoendeshwa kwa rimoti, ilianza kuzimika. Kwenye uwanja wa juu ilifanya kazi asubuhi nzima bila shida. Ikifika katikati ya mteremko unaoshuka kijitoni, pale palipo pakali kabisa, injini inakohoa mara moja na kunyamaza.

Jambo hili liliniuma kwa sababu ninajua nilikotoka. Kazi yangu ni kutunza nyasi kwenye makazi ya watu upande wa Loresho na Kitisuru jijini Nairobi, na viwanja vya huko vina miteremko mikali. Zamani tulikata kwa fyekeo. Siku moja ya mvua kijana wangu wa kazi aliteleza kwenye tope jekundu, fyekeo likampasua muundi, akashonwa nyuzi saba. Ndipo nilipochukua mkopo wa chama nikanunua mashine, ili mtu asimame juu mahali pakavu na rimoti mkononi. Sasa mashine ikigoma, vijana wanashika fyekeo tena na kuteremka kulekule nilikoapa hawatateremka.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliifungua, akagonga hapa na pale, akasema kipokezi cha rimoti kimekufa. Nikalipa shilingi 14,000 kipokezi kipya kikafungwa. Siku mbili ikaenda vizuri, maana tulikuwa tukikata uwanja wa juu. Siku ya tatu tukashuka, ikazimika.

Nikaipakia kwenye pikapu hadi Kariobangi, kwa mzee mmoja anayetengeneza injini ndogo: za jenereta, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Hakugusa kitu. Aliuliza tu.

"Mama, injini ikinyamaza, rimoti bado inaisogeza?"

"Ndiyo, mzee. Inapanda yenyewe mpaka tulipo."

"Basi rimoti haina kosa. Oili mnapimia wapi?"

Swali la kwanza peke yake lingeniokolea zile 14,000. Kwenye mashine ya aina hii injini ya petroli huzungusha kisu na kuchaji betri. Kinachoivuta ni mota mbili za umeme, kila moja na mkanda wake wa mpira kama wa tingatinga, na zinakula betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24. Injini ikifa na mikanda bado inatii, rimoti inasikika vizuri. Tatizo liko kwenye injini.

Na swali la pili lilitushika pabaya zaidi. Oili tulipimia palepale mashine inapoanzia kazi, juu ya mteremko, na pale pameinama. Mzee akaiweka kwenye sakafu ya simenti, akapangusa kijiti cha kupimia, akakichovya bila kukizungusha, akakitoa. Kilikuwa kimelowa nchani tu. Ndani ya tumbo la injini mna kiboya kinacholinda: oili ikipungua chini ya kiwango, kinakata umeme wa cheche ili injini isijisage. Yetu ilikuwa imepungua, lakini kwenye tambarare ilitosha kukifanya kielee. Ikiinama, oili yote inakimbilia upande mmoja, kiboya kinabaki pakavu, injini inazimwa. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inajiokoa na sisi.

Mita inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi ilisoma 61, na oili haikuwahi kubadilishwa hata mara moja. Ilitoka nyeusi kama strungi, na ukiisugua kati ya vidole unahisi vumbi la chuma. Kitabu cha injini kinasema oili ya kwanza itolewe baada ya saa 20, kwa sababu ndipo vyuma vipya vinapolainishana na kuacha unga wao humo. Kisha kila saa 100. Mimi sasa ninabadilisha kila saa 50, maana kupanda mlima na kukata nyasi nene ni mzigo mzito. Ninatia oili ya aina ya 10W-30. Inamwagwa injini ikiwa bado na joto, hapo inatoka yote na uchafu wake.

Tangu siku hiyo kuna daftari linaloning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa stoo. Kila jioni mtu anaandika saa zilizosomwa, oili ilikuwa wapi, na kitu chochote kilichosikika tofauti.

Kazi ya kila jioni iliyotupa faida kubwa ni kukwangua chini ya mashine. Nyasi ya Kikuyu, hii hii iliyotoka nyanda zetu za juu ikasambaa hadi Australia na Afrika Kusini, ina maji mengi. Wakati wa masika inajibandika kwenye kifuniko cha kisu, na ukiilaza usiku mmoja inakuwa ukoko, kama wa ugali kwenye sufuria. Ukoko huo unashika unyevu na kuozesha chuma, unabana hewa, na nyasi zinakatwa kwa kuchanika. Tunatumia mwiko wa zamani wa jikoni kwangu. Mti haukwaruzi rangi, na bapa lake linaingia vizuri pembeni. Ukikwangua nyasi ikiwa bado mbichi, dakika kumi zinatosha. Ukingoja kesho, utahitaji patasi na nusu saa. Pia angalia mhimili wa kisu: mashina marefu ya nyasi hii hujisokota pale kama uzi kwenye cherehani, na yakifika kwenye beringi yanaharibu mpira wake.

Kabla ya mkono wowote kuingia chini, ufunguo unatolewa, rimoti inazimwa na kofia ya plagi, inayopeleka umeme wa kuwasha injini, inavuliwa. Kwa hili sibembelezi mtu. Asiyevua kofia ya plagi hagusi kisu changu. Na ukiilaza mashine ubavu, upande wa kabureta (petroli inapochanganyika na hewa) na chujio la hewa ubaki juu. Tuliwahi kuilaza vibaya, oili ikaingia kwenye chujio, asubuhi yake ikatoa moshi mweupe hadi majirani wakatoka nje.

Kisu ninakinoa kwa tupa, kwa pembe ileile kilichotoka nayo kiwandani, na nikimaliza ninakitundika kwa tundu lake la katikati kwenye msumari ule wa daftari. Kikilala upande mmoja, upande huo ni mzito, ninaukwaruza tena kidogo hadi kikae sawa. Kisu kisicho sawa kinatikisa mashine nzima, kinalegeza boliti na kuua beringi.

Mikanda ya mpira haina mengi. Toa mawe na tope kabla halijakauka, bonyeza katikati uone kama imelegea kuliko kawaida. Usiikaze kupita kiasi.

Vumbi ni jambo jingine. Januari na Februari, tukikata kando ya barabara za muramu, sponji ya chujio la hewa inageuka nyekundu kwa siku moja. Ninaifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inakauka kabisa, ninaichovya kwenye oili safi kisha ninaikamua. Ile karatasi ya ndani haioshwi. Ninaigonga taratibu kwenye kiganja, ikishindikana ninaitupa.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha pia kusoma plagi. Yetu ilikuwa na masizi meusi makavu, dalili ya petroli nyingi na hewa kidogo. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini hizi hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo huku tunakosa karibu moja ya tano. Kitabu kinasema ukifanya kazi siku zote juu ya mita 1,500, kabureta irekebishwe. Mzee akaweka jeti, kile kipande kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, yenye tundu dogo zaidi. Nguvu haikurudi yote, lakini moshi uliisha, petroli ikapungua na plagi sasa ina rangi ya kahawia. Ukiipeleka mashine kama hiyo Mombasa, rudisha jeti ya kwanza, la sivyo itapata moto kupita kiasi.

Betri niliziua kwa kuzipumzisha. Julai nyasi hazikui sana kwa baridi, mashine ikakaa stoo wiki sita bila chaji. Betri za madini ya risasi zikikaa zimeisha, haziamki tena. Nilinunua mpya, na siku hizi hata kama hakuna kazi zinachajiwa kila mwezi, na ninapima kila moja hadi isome volti 12.6 baada ya kupoa. Ute mweupe kwenye vichwa vyake ninautoa kwa maji ya magadi na mswaki. Petroli nayo haiachwi kwenye kabureta: tunafunga koki, injini inakula iliyobaki mpaka inazimika.

Wiki iliyopita yule kijana aliyeshonwa muundi alikata mteremko wote akiwa amesimama chini ya mjakaranda, viatu vikavu. Jioni akaandika kwenye daftari: saa 287, oili katikati ya alama mbili, imepimiwa kwenye simenti. Saa 300 itafika Alhamisi au Ijumaa. Oili ya kubadilisha nimeshanunua.