Siku moja maishani mwangu: mimi na data za kahawa, Moshi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bando la usiku limebakiza nusu saa, kwaiyo kabla hata ya kunawa uso nadaunlodi video mbili za SQL, lugha ya kuiuliza data maswali, za kuangalia jioni. Alafu maji, chai, mbio kituoni. Naishi Njoro, daladala mpaka mjini sio mbali. Leo Kibo iko wazi kabisa, nyeupe.

Saa mbili kasoro nipo ofisini. Kwa wasionijua, nafanya data kwenye kampuni inayonunua kahawa kwa wakulima wa huku juu, mkataba wa msimu. Nimesoma uhasibu, nikakaa mwaka mzima natuma sivii zenye vyeti vya kozi za mtandaoni, hakuna aliyenipigia. Nikapata ukarani wa stoo, nikaona ripoti ya wiki inakula siku mbili, watu wanakopi kutoka faili moja ya Excel kwenda nyingine kwa mkono. Nikakaa na Power Query, kifaa cha kukusanya na kusafisha data, iko humohumo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, unaionyesha folda moja na yenyewe inaunganisha faili zote zilizomo. Ripoti ikawa ya dakika chache, bosi akauliza nani kafanya, nikaitwa. Ndo maana kila anayeniuliza naanzaje namwambia aangalie hapohapo alipo, dukani, stoo, zahanati, kuna ripoti gani inawatesa watu, aanze na iyo.

Saa tatu. Bosi ananiita, anaonyesha dashibodi, ule ukurasa wa grafu za manunuzi, "Mbona hapa tumenunua kahawa mwezi wa tatu?" Moyo ukanipasuka. Mwezi wa tatu huku watu wanasubiri masika, nani analeta kahawa? Msimu ni kama mwezi wa saba mpaka mwisho wa mwaka. Nikarudi mezani, nikachuja manunuzi yote yaliyoangukia nje ya msimu, nikayapanga kwa tarehe, nikayatazama muda mrefu. Yote yalikuwa tarehe 8, 9, 10 au 11. Hakuna 15 hata moja, hakuna 20. Hapo nikashtuka. Laptopu ya kituo kimoja cha kununulia kahawa imesetiwa tarehe za Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Karani anaandika 3/10 akimaanisha tarehe tatu mwezi wa kumi, Excel inasoma Machi 10. Akiandika 25/10, kwa vile hakuna mwezi wa 25, Excel inaiacha kama maandishi tu, na utaiona imeganda kushoto mwa kisanduku wakati tarehe halisi zinakaa kulia. Kwaiyo mwezi mmoja unakatika vipande viwili, siku kumi na mbili za mwanzo zinatawanyika mwaka mzima na zilizobaki hazihesabiwi kabisa. Na haipigi kelele yoyote jamani, grafu inachorwa vizuri tu, kwenye kikao watu wanaiamini, na pale ndani kuna jasho la mkulima ambaye debe zake hazionekani.

Kurekebisha kwenye faili inawezekana, unaiambia Power Query yale yaliyobaki maandishi iyasome siku kwanza, na zile zilizokwisha kuwa tarehe ibadilishane siku na mwezi. Ila sikutaka kubahatisha, nikampigia karani. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, nimekosea nini tena?" Nikamwambia hujakosea baba, ni kompyuta, naomba tu unisomee daftari la mwezi wa kumi. Tukasoma mstari kwa mstari karibu saa nzima, zikakubali. Nikamwomba kuanzia leo aandike mwezi kwa herufi, na picha ya ukurasa anitumie jioni. "Aika mae," akanijibu, yaani asante kwa Kichaga, roho ikatulia.

Saa saba, mtori kwa mama ntilie karibu na soko la Mbuyuni. Moto kweli.

Saa tisa bwana shamba kaja anataka orodha ya wakulima wote na kilo walizoleta. Nikamtolea, akaitazama, akasema "mzee fulani hayumo na namjua, shamba lake liko pale njiani". Ni kweli, kueri yangu, yaani swali nililoiandikia data kwa SQL, ilikuwa joini ya kawaida ya kuunganisha jedwali la wakulima na la mauzo, inamrudisha mkulima aliyeleta kahawa peke yake, asiyeleta anafutika kana kwamba hayupo duniani. Nikabadilisha ikawa LEFT JOIN, orodha ya wakulima inakaa kushoto, mauzo kulia, asiye na mauzo anabaki na nafasi tupu. Zikaja nafasi tupu nyingi kuliko tulivyodhani. Bwana shamba alikaa kimya, alafu akaanza kutaja mmoja mmoja: huyu kang'oa kaweka parachichi, huyu mgonjwa, huyu sijui. Kesho anaanza na wale wa "sijui". Hiyo karatasi nimeipenda kuliko dashibodi zote nilizotengeneza mwaka huu.

Saa mbili usiku mdogo wangu, binti wa mamdogo, kaja kujifunza. Power BI Desktop, programu ya kutengenezea dashibodi, ni ya bure ila inataka Windows, tunatumia laptopu yangu moja. Nampa sensa ya 2022: nchi watu 61,741,120, Kilimanjaro 1,861,934. Kazi ya leo atafute mkoa wetu ni asilimia ngapi, alafu aniambie kwa sentensi moja, bila grafu. Kapata kama 3, ila sentensi imemchukua nusu saa na nimemwacha ahangaike nayo, maana akienda kwenye usaili ataulizwa maana ya namba.

Saa tatu na nusu WhatsApp imelia. Picha ya daftari kutoka kwa karani, mwandiko wa wino wa bluu, kila mstari mwezi umeandikwa kwa herufi, kirefu. Nimeikuza nikaipitia yote. Mistari miwili ya chini haina namba ya mkulima, ina jina Massawe tu, na kile kijiji akina Massawe ni wengi. Nitampigia asubuhi.