Meli iliyogeuza mbele ya Aogashima

Kisiwa tulikiona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tumetoka Hachijojima, kisiwa jirani huko Japani, saa tatu nzima mawimbi yanatupiga, mfuko wa kutapikia nimeukumbatia, na Aogashima hii hapa mbele yetu, kama chungu kilichozama baharini ukabaki mdomo tu. Mabaharia wakajaribu kuifunga meli gatini. Ikapanda, ikashuka, kamba ikakaza kama inataka kukatika. Wakajaribu tena. Kisha mtambo ukanguruma na majabali yakaanza kurudi nyuma.

Asubuhi walitangaza kuwa meli itaondoka "kwa masharti". Sikujua masharti yenyewe ndiyo hayo: mnaweza kufika na msishuke. Tukarudi Hachijojima, chumba nikalipa upya, yen elfu 9, godoro lenyewe jembamba kama mkeka. Siku mbili zilizofuata ni mvua tu.

Siku ya nne bahari ikalala, tukashuka bandari ya Sanbo. Kisiwa hakina ghuba wala ufukwe wa kuegesha chombo. Bandari ni zege lililobandikwa kwenye mwamba, na boti za wavuvi haziachwi majini: zinapandishwa kwa nyaya, zinaning'inia juu angani. Mimi mtoto wa Mafia, mashua zikivutwa juu ya magogo nimeziona tangu utotoni. Hili sikuwahi kuliona.

Aogashima inahesabiwa kuwa sehemu ya Tokyo, ingawa jiji lenyewe liko zaidi ya kilomita 350 kaskazini. Wakazi hawafiki 200. Mgeni hupandishwa kwanza Oyama, na kweli panastahili: chini yako bonde la kreta ya volkano, katikati yake kilima kingine, Maruyama, kijani tupu, na bahari imezunguka kote. Nilikaa pale hadi baridi ikanifukuza.

Lakini kilichonishika ni moshi wa kule chini, Ikenosawa. Si moshi, ni mvuke unaotoka ardhini. Wenyewe huyaita matundu yake hingya. Kuna majiko ya zege yaliyojengwa juu yake, hayana kuni wala gesi, na hulipi. Bibi mwenye nyumba niliyofikia alinipeleka na kikapu cha waya: viazi vitamu, mayai na samaki aitwaye kusaya. Akafunika, akafungua valvu, mvuke ukapiga kelele. Kusaya ni ndugu wa ng'onda, ila hulowekwa kwanza katika maji ya chumvi yaliyotumika miaka na miaka. Harufu yake inakutangulia nyumbani. Kila nikinyoosha mkono kwenye kifuniko, bibi ananizuia: "Kaka, bado."

Tukingoja, akanisimulia. Mwaka 1785 joto hilihili lililipuka. Boti zilizokuja kutoka Hachijojima hazikutosha, na watu zaidi ya 130 walikufa. Waliookoka waliishi ugenini kama miaka 50. Walijaribu kurudi, vyombo vikazama, wakajaribu tena, hadi mkuu wa kijiji chao, Sasaki Jirodayu, akawarudisha wakalima upya. Bibi alisema hayo huku akimenya kiazi, mvuke umemjaa usoni, kana kwamba anamsema mjomba wake.

Nikaikumbuka Kua, mji wa kale kule kwetu Mafia, kisiwani Juani. Wasakalava walikuja na ngalawa zao kutoka Madagaska, wakauvamia mji, na tangu karne ya 19 haujajengwa tena. Nimecheza katika kuta zile, mizizi ya miti imezipasua, popo ndio wenye nyumba. Sikuwahi kumuuliza babu kwa nini watu wetu hawakurudi Kua. Na babu hayupo tena.

Kiazi kilikuwa na utamu wa asali. Chumvi tuliyochovya ni ya hapohapo, maji ya bahari yaliyokaushwa kwa mvuke huohuo. Nilinunua pakiti mbili, ghali kweli, nimpelekee mama.

Kesho yake niliamka mapema, begi tayari mlangoni. Kipaza sauti cha kijiji kikatangaza: leo meli haiji. Usiku mwingine wa kulipa, na pesa zilikuwa zinahesabika. Bibi alisikiliza tangazo hadi mwisho, akaingia jikoni, akatoka na kikapu cha waya.