Saa sita ipi?

Dogo alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na tangu azaliwe mimi na baba yake hatujawahi kulala mbali naye hata usiku mmoja. Watu wakichoka wanaenda zao baharini, sisi safari ya kwanza bila mtoto tukaenda Svalbard, visiwa vya Norwe huko juu kwenye Aktiki, mji wenyewe unaitwa Longyearbyen, uko digrii 78, kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini kumebaki kama kilomita 1,300 tu. Wazo la mume wangu hilo. Alikuwa na hamu na ile ghala ya mbegu za dunia iliyochimbwa ndani ya mlima, iliyofunguliwa 2008, na kumbe wageni hawaingii, unaishia nje unapiga picha mlango. Yaani tulisafiri kote kule kwenda kuangalia mlango.

Viza nayo ilitusumbua kidogo maana Svalbard ni ya Norwe lakini iko nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo lazima iwe ya kuingia mara mbili, ukienda kule umeshatoka na ukirudi Oslo unaingia upya. Basi tukazipata, mama akaja kukaa na dogo, nikamwandikia karatasi mbili nzima za maelekezo, anakula nini, analala saa ngapi, akilia hivi maana yake nini. Mama akazisoma, akazikunja, akaniuliza, "Na wewe nilikulea kwa karatasi gani?"

Tulifika mwezi wa sita. Baridi nyuzi nne hivi, milima ina theluji michirizi michirizi, na pale hotelini wakatuambia tuvue viatu mlangoni. Ni desturi yao toka enzi za machimbo, wachimbaji walikuwa wanarudi na vumbi la makaa ya mawe basi kila mtu anavua, na mpaka leo watu wanatembea na soksi mapokezi. Mume wangu toka tupande ndege Oslo alikuwa analalamika buti la kulia linambana, nikamwambia si uligoma kulijaribu dukani. Alipolivua pale, akaligeuza, kikadondoka kitofali cha plastiki cha dogo, chekundu, kikabingirika hadi miguuni kwa dada wa mapokezi. Dogo kipindi kile kila kitu anaficha kwenye viatu. Mume wangu akakiokota, akakitia mfukoni, hakusema neno mpaka tumefika chumbani.

Sasa shida ilikuwa jua. Kule kuanzia kama tarehe 20 Aprili hadi karibu mwisho wa Agosti halizami kabisa, linazunguka tu juu kama nzi. Tulijua, tulisoma, lakini kujua na kulala ni vitu viwili. Na sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua, likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja tena, sasa pale mtu akikwambia saa sita unabaki unauliza saa sita ipi. Jioni ya pili tulikuwa tumetoka kutembea na kiongozi wa watalii mwenye bunduki begani, maana nje ya mji kuna dubu weupe, tukarudi tumechoka, tukala, nikaangalia dirishani jua kali kweupe peee, nikasema ngoja nimpigie dogo video nimwonyeshe reindeer, wale wanyama wa baridi wanaofanana na swala, wenye miguu mifupi, waliokuwa wanakula majani nyuma ya hoteli. Wala sikuangalia saa.

Mama akapokea kwa kunong'ona, kwenye skrini giza tupu. Kwao ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Dogo ndo alikuwa anasinzia sinzia, akasikia sauti yangu, akakaa. Nikageuza simu dirishani. "Mbuzi!" akasema. Nikasema eeh, mbuzi wa huku. Halafu akanyamaza, akasogeza uso mpaka nikawa naona pua tu. "Mama. Jua halijalala."

Hapo ndo nikakumbuka. Kwetu kila jioni namwambia hivyo hivyo, jua limelala, na wewe lala, ndo sheria ya nyumba, na ilikuwa mle mle kwenye karatasi ya kwanza ya maelekezo. Nikajaribu kuzima kamera, tayari ameshashuka kitandani, nasikia miguu inakimbia sebuleni na kelele za "Jua halijalala! Bibi, amka!" Mama akairudisha simu usoni kwake, akaniangalia kwa muda. "Haya mwanangu," akasema, "pumzikeni huko." Akakata.

Nilikaa kitandani nataka kulia na nataka kucheka, mume wangu yeye alishachagua, anacheka mpaka amekaa chini. Tukavuta mapazia, kwenye ufa pale katikati jua likapita likanipiga usoni, akatoa vibanio vya hanga ya suruali akabana. Bado likapita kwa chini.

Meseji ya mama iliingia baada ya masaa mawili: "Amelala. Nimemwambia ile ilikuwa taa."

Sisi tulikuwa macho bado, kitofali kiko mezani pembeni ya simu.