Fangasi tumboni: mpira naung'oa, siubembelezi

"Usitoe mpira, mpe fluconazole, tumbo litajisafisha." Mpira ni ule unaopitisha maji ya kusafisha damu tumboni mwa mwenye figo zilizoshindwa; fluconazole ni dawa ya fangasi. Ushauri huu nimepewa na wakubwa wa kazi, tena kwa kujiamini, nikaufuata. Sirudii.

Anayesafishwa damu kwa maji ya tumboni akija na mfuko wa maji yaliyotoka tumboni, yanafanana na ya kuoshea mchele, naulaza juu ya gazeti. Herufi zisiposomeka, sisubiri homa. Maji yawe yamekaa tumboni angalau saa 2, ndipo hesabu ya maabara inaaminika: chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, zaidi ya nusu zikiwa neutrofili (aina mojawapo ya chembe hizo), ni maambukizi.

Antibayotiki naanza, maana bakteria ndio wengi. Ila swali langu la kwanza ni hili: mwezi uliopita ulitumia dawa gani? Vidonge vya kikohozi, sindano za mkojo, chochote. Antibayotiki hufyeka bakteria wa utumbo, Candida, yule fangasi, ikabaki na shamba lote peke yake.

Maabara ndipo tulipokuwa tunapigwa chenga. Tulikuwa tunapeleka kijiko cha maji kwenye kikopo, jibu linarudi "hakuna kilichoota". Bila shaka! Vimelea vichache ndani ya lita 2 utavinasa vipi? Siku hizi nachota mililita 50, zinazungushwa kwenye sentrifuji dakika 15, maji ya juu yanamwagwa na masimbi ya chini ndiyo yanayooteshwa. Mengine, mililita 5 hadi 10, naingiza moja kwa moja kwenye chupa ya kuoteshea damu. Na namwomba mtu wa darubini atazame masimbi yaleyale kwa rangi ya Gram: chembe za mviringo zenye vichipukizi, kama hamira, zinakupa jibu kabla chochote hakijaota.

Zikionekana, naita daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Candida hujijengea utando kwenye silikoni ya mpira, na dawa haipenyi humo vizuri. Ndiyo maana wale wa "subiri kwanza" huona maji yakitakata siku mbili tatu, wanashangilia, kisha yanachafuka upya na mgonjwa kachoka zaidi. Kila siku ya kubembeleza inaongeza makovu. Utando wa tumbo lenyewe, unaochuja damu, ukishaharibika, njia hiyo ya kusafisha damu imefungwa. Amphotericin, dawa nyingine ya fangasi, kwenye maji ya tumbo? Inaunguza, mgonjwa atalia. Candida krusei nayo haijali fluconazole, kwa hiyo jina la fangasi lazima lifuatiliwe.

Mpira ukitoka, dawa inaendelea wiki 2 au zaidi, mgonjwa akisafishwa kwa mashine. Gharama hapo inauma.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa maji ya tumboni ninayemwandikia antibayotiki namwandikia na nistatini ya maji, dawa ya kuizuia Candida: mililita 5, yaani yuniti 500,000, mara 4 kwa siku, mpaka antibayotiki ziishe. Asukutue, kisha ameze. Wengi hutema.