Nilivyopata kichupo kimoja cha matokeo katika Sublime Text

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisafisha madaftari ya michango ya chama kimoja cha akiba na mikopo, ambayo yalihamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye majedwali ya kompyuta na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mtindo wake. Kazi hiyo naifanya kwa programu ndogo za lugha ya Python ninazoziandika katika Sublime Text, kihariri cha kuandikia msimbo (maandishi ya programu), na kila programu huchapisha orodha ndefu ya mistari kama vile “Mwanachama 214: jumla ya Machi hailingani”. Narekebisha kitu kidogo, naendesha tena, nasoma orodha, narudi kwenye msimbo. Kwa siku moja naweza kuurudia mzunguko huo mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu, na ndiyo maana mahali yanapotokea matokeo ni jambo ninalolijali sana.

Sublime yenyewe ina utaratibu wake: ukibonyeza Ctrl+B ili kuendesha programu, matokeo huonekana katika paneli iliyo chini ya dirisha, na paneli hiyo ni ileile kila mara. Kwa programu ya mistari kumi inatosha kabisa. Orodha zangu, hata hivyo, zina mamia ya mistari, nami nilitaka kuzisoma kando ya msimbo, kwa urefu wote wa skrini. Isitoshe, Sublime huonyesha paneli moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila nilipobonyeza Ctrl+F ili nimtafute mwanachama fulani katika orodha, paneli ya kutafutia ilichukua nafasi na matokeo yenyewe yakafichika.

Nikaamua kuandika programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezea kihariri uwezo mpya. Katika Sublime hizi huandikwa kwa Python na kuwekwa ndani ya folda ya Packages/User, na faili la mfumo wa kuendeshea msimbo huweza kuelekezwa kwenye amri yako mwenyewe kwa kutaja jina la amri hiyo katika sehemu ya “target”. Toleo langu la kwanza lilikuwa jepesi: liliita amri ya new_file, likapata kichupo kipya (ukurasa mmoja kati ya zilizofunguliwa katika dirisha), likamimina matokeo humo. Siku ile nilifurahi. Siku ya tatu nilikuwa na vichupo zaidi ya ishirini, vyote vikiitwa “Matokeo”, na ndipo nilipofanya kosa lililonifundisha kiini cha tatizo. Nilikuwa nimeshaisahihisha jumla ya yule mwanachama 214, lakini kila nilipotazama orodha nilikuta mstari wake bado upo. Nilipitia msimbo mstari kwa mstari, nikapiga hesabu kwa mkono kutoka kwenye karatasi, nikaanza hata kulishuku jedwali lenyewe. Alasiri nzima ikaisha kabla sijagundua kwamba nilikuwa nikisoma kichupo cha asubuhi. Matokeo sahihi yalikuwapo muda wote, vichupo vinne kulia kwake.

Kuanzia hapo haja yangu ilikuwa wazi: kiwepo kichupo kimoja tu, na kilichomo ndani yake kiwe daima kimetoka katika uendeshaji wa mwisho.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukihifadhi kichupo katika kigeu (jina linalobeba thamani) cha programu-jalizi, ili safari inayofuata nikitumie tena badala ya kufungua kipya. Lilifanya kazi mpaka nilipoihariri programu-jalizi yenyewe. Sublime huipakia upya mara tu unapoihifadhi, na vigeu vyake vyote huanza upya, kwa hiyo kichupo cha zamani kilibaki kama yatima na kipya kikafunguliwa pembeni yake. Kutafuta kwa jina nako sikukuamini, kwa sababu jina “Matokeo” naweza kulipa kichupo kingine kwa mkono. Suluhisho lilikuwa kuweka alama katika mipangilio ya kichupo chenyewe, kisha kila mara kuvipitia vichupo vya dirisha na kukitafuta chenye alama hiyo:

```
def tafuta_kichupo(dirisha):
    for kichupo in dirisha.views():
        if kichupo.settings().get("kichupo_cha_matokeo"):
            return kichupo
    kichupo = dirisha.new_file()
    kichupo.set_name("Matokeo")
    kichupo.set_scratch(True)
    kichupo.settings().set("kichupo_cha_matokeo", True)
    return kichupo
```

Mstari wa set_scratch usiuache. Bila huo, kila unapokifunga kichupo Sublime itakuuliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko, na matokeo ya muda hayahitaji kuhifadhiwa.

Hapo kichupo kilikuwa kimepatikana, lakini kukitumia tena kulikuwa na mambo yake. La kwanza ni wakati wa kukifuta. Nilikuwa nakifuta pale mstari wa kwanza wa matokeo mapya ulipofika, nikidhani ni jambo la busara kwa kuwa skrini haibaki tupu. Halafu ikatokea kwamba programu haikuchapisha chochote, kwa sababu hapakuwa na hitilafu yoyote iliyobaki, na orodha ya zamani ikabaki palepale ikinidanganya kama vile vichupo vya awali vilivyonidanganya. Sasa nafuta kwanza, kabla programu haijaanza, na papo hapo naandika juu kabisa jina la faili na saa ya kuanza. Programu ikimaliza, naongeza mstari mmoja wa mwisho wenye sekunde ilizotumia na namba iliyorudishwa, ambayo ni 0 iwapo mambo yamekwenda salama. Kichupo chenye mistari hiyo miwili tu, bila kitu katikati, ni jibu kamili, nami nakisoma kwa moyo mweupe.

Jambo la pili lilinishangaza. Nilikuwa naingiza maandishi kwa amri ya insert, na ripoti za makosa za Python zilikuwa zikitoka kama ngazi, kila mstari ukisogea kulia zaidi ya uliotangulia, hadi mistari ya mwisho ikatoka nje ya skrini. Sababu ni kwamba amri hiyo huyachukulia maandishi kana kwamba mtu anayaandika kwa kibodi, hivyo mistari inayofuata hurithi nafasi za mwanzo za mstari wa juu. Amri ya append haifanyi hivyo, tena inapokea agizo la kusogeza ukurasa hadi mwisho. Nilibadilisha neno moja na ngazi ikatoweka.

La tatu ni kasi. Ukiiendesha programu na kuisubiri ndani ya amri yenyewe, kihariri kizima huganda mpaka imalize, kwa hiyo usomaji wa matokeo niliuhamishia kwenye uzi wake, yaani njia ya kazi inayokwenda sambamba na kihariri. Pia Python, inapogundua kwamba haiandikii moja kwa moja kwenye dirisha la amri, huyakusanya matokeo na kuyatoa kwa mafungu makubwa. Nikaongeza chaguo la -u, linalozuia ukusanyaji huo, mbele ya jina la faili, na mistari ikaanza kufika mmoja mmoja.

La nne lingeweza kuharibu kazi yote ya awali. Nilibonyeza Ctrl+B wakati programu ya kwanza bado haijaisha, na zote mbili zikaandika katika kichupo kimoja, mistari ya moja ikiingiliana na ya nyingine. Kichupo kimoja kinahitaji mwandishi mmoja. Kwa hiyo kabla ya kufuta, programu-jalizi sasa huisitisha programu iliyotangulia, na kila uendeshaji hupewa namba yake ili mstari wowote uliochelewa, wenye namba ya zamani, utupwe.

Kuhusu kishale, nilikipanga kichupo kifunguke upande wa kulia kwa set_view_index, kisha mara moja nairudisha nafasi ya kuandikia kwenye faili la msimbo kwa focus_view. Kilichobaki ni pale ninapokuwa nimebofya ndani ya matokeo ili ninakili kitu, kisha nikabonyeza Ctrl+B nikiwa humohumo: kichupo hicho hakina faili, na file_name hurudisha None, yaani hakuna kitu. Katika hali hiyo programu-jalizi huendesha faili la mwisho lililoendeshwa, na hilo ndilo ninalokusudia karibu mara zote.

Mwenzangu ninayeshirikiana naye katika kazi hii anatumia kihariri kingine, Visual Studio Code, na kwake mambo yalikuwa mafupi. Katika faili la tasks.json, linalopanga jinsi kazi zinavyoendeshwa, sehemu ya “presentation” ina kipengele cha “panel” chenye thamani tatu: “shared”, “dedicated” na “new”. Yeye alikuwa ameweka “new”, ndiyo maana madirisha ya amri yalikuwa yakimrundikia. Akaweka “dedicated”, ili kazi ile iwe na dirisha lake inalolirudia, na “clear” akaipa thamani ya true ili lifutwe kabla ya kila uendeshaji. Nilimshauri aongeze saa katika mstari wa kwanza wa matokeo, kwa kuwa hiyo haiwekwi na mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, naye akaiandika ndani ya programu yenyewe.

Kwa upande wangu, dirisha la kulia sasa lina kichupo kimoja. Leo kilisomeka saa 5:42 juu na namba 0 chini, na mstari wa mwanachama 214 haukuwapo.