Baldwin na Buckley, 1965: usiishie kwenye kura

Ukitajwa mdahalo wa James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, na William F. Buckley, mwandishi mhafidhina wa huko huko, watu hukimbilia matokeo: kura 544 kwa 164, Baldwin kashinda. Ni kweli. Ila ulifanyika Uingereza, katika ukumbi wa Cambridge Union, chama cha midahalo cha Chuo Kikuu cha Cambridge, tarehe 18 Februari 1965, mbele ya wanafunzi. Kura ile inatuambia zaidi nani aliusoma ukumbi vizuri. Hoja zenyewe zinataka kupimwa upya, moja moja.

Hoja iliyowekwa mezani ilisema Ndoto ya Marekani, yaani ile imani kwamba anayejituma atafanikiwa, imepatikana kwa gharama ya Mmarekani mweusi. Kuipinga ni mtihani. Ukikana historia ya utumwa unaumbuka. Ukiikubali, nusu ya mechi umeshaigawa. Kwa hiyo Buckley alibaki na njia moja tu, kudai kwamba ndoto hiyo inaweza kumfikia mweusi pia, akijibidiisha.

Walifungua wanafunzi wawili, David Heycock akiunga mkono na Jeremy Burford akipinga. Kisha Baldwin, kisha Buckley. Baldwin hakupewa zamu ya pili. Faida ya kuzungumza mwisho ni kubwa, maana unachosema hakijibiwi isipokuwa msikilizaji asimame kutoa taarifa nawe umruhusu.

Baldwin hakumwaga takwimu. Alianza kwa kusema jibu la mtu hutegemea amesimama wapi duniani, halafu akaingia katika nafsi ya mkandamizaji. Alimtaja Clark, sherifu wa Selma, Alabama, na fimbo ya umeme ya kuswagia ng'ombe aliyoielekeza kwenye matiti ya mwanamke. Yaliyompata mwanamke ni ya kutisha, akasema, lakini yanayompata mwanamume anayefanya hivyo kwa namna fulani ni mabaya zaidi. Hapo ndipo alipowashika Waingereza: aliwaonyesha ugonjwa badala ya kuwaomba huruma. Hotuba zote mbili zilichapishwa katika jarida la New York Times tarehe 7 Machi, siku ileile waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura walipopigwa kwenye daraja la Selma, na watu wa Clark wakiwa miongoni mwa waliowapiga.

Buckley aliteleza mapema. Alitangaza kwamba hatamwonea Baldwin haya kwa sababu ya rangi yake, akaongeza kejeli kuhusu lafudhi yake. Kwa ukumbi uliotoka kumshangilia mtu huyo kwa kusimama, hayo yalikuwa matusi. Alipoulizwa kwa nini weusi wa Mississippi wasiachiwe wapige kura, alijibu kwamba tatizo la Mississippi ni weupe wengi mno wanaopiga kura. Watu walicheka. Mimi naona ni jibu la mjanja anayekwepa, hasa ukijua kwamba mwaka 1957 jarida lake, National Review, lilitetea weupe wa kusini kuendelea kutawala hata pale walipokuwa wachache.

Hoja yake nzito ilipita bila kuguswa. Alisema mwaka 1900 kulikuwa na madaktari weusi 3,500 na mwaka 1960 walikuwa 3,900. Akauliza: je, ni kwa sababu nafasi hazikuwepo? Tena katika kipindi hicho weusi waliongezeka kutoka karibu milioni 9 hadi karibu milioni 19, kwa hiyo picha ni mbaya kuliko alivyoichora. Lakini sababu haikuwa uvivu. Ripoti ya Abraham Flexner ya 1910, iliyokagua vyuo vya tiba vya Marekani, ilipendekeza vyuo viwili tu vya tiba vya weusi viendelezwe, Howard na Meharry, na vingine vikafungwa katika miaka iliyofuata. Vyuo vya weupe huko kusini viliwafungia mlango. Chuo Kikuu cha Arkansas kilimpokea mwanafunzi mweusi wa kwanza wa udaktari mwaka 1948. Kumsomesha daktari huchukua miaka mingi, kwa hiyo hata mlango uliofunguliwa mwaka huo usingeweza kubadilisha sana hesabu ya 1960.